Mzee wangu ana mguu wa bandia na anaanguka, kila mtu nyumbani ana sababu yake. Nyie mnasemaje?

Mwana wa Kibosho
Wakuu kwema. Naleta hili hapa maana nyumbani limeshagawa ukoo. Baba ana miaka 71, mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti mwaka jana sababu ya kidonda cha sukari, kile kidonda alikificha kama wazee wanavyoficha mpaka harufu ikamtangaza. Baadaye akapata mguu wa bandia, akafundishwa kutembea kwenye yale mabomba ya kushikilia pande zote mbili, akarudi nyumbani anatembea na fimbo watu wakapiga vigelegele. Sasa anaanguka. Sio kila siku, lakini wiki haiishi salama, na juzi tumemtoa kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya shamba, kalowa mpaka kiunoni na bado anatutukana sisi eti tumechelewa. Kaka mkubwa yuko Dar anasema mguu umetengenezwa vibaya. Dada anasema ni uzee, hata wenye miguu yao miwili wanaanguka. Mdogo wetu anataka tununue kiti cha magurudumu mguu ukae stoo. Mama anasema ni mbege basi, pombe yetu ya ndizi. Mwenye mzee wa aina hii au mtaalamu anisaidie, tatizo ni mguu, mwili, au kichwa?

Siti ya Mbele
Nimeweka kambi. Ila kwa kuanzia niko upande wa mama 😂

Kahawa Chungu
Niko Arusha, Sakina. Mimi nitasema wasichotaka kusema wengine, mtu wa miaka 70 na sukari juu kumvalisha mguu wa bandia ni kumtafutia kuvunjika nyonga. Babu yetu alivalishwa, hakumaliza mwaka akavunjika, na nyonga ikivunjika umri ule mnajua wenyewe. Nunua kiti cha magurudumu lala usingizi.

Mangi wa Himo
@Kahawa Chungu umeshawahi kufika Kibosho wewe? Kiti cha magurudumu kule kinashuka chenyewe mpaka stendi ya Moshi mjini, mzee ndani anapunga mkono.

Siti ya Mbele
Kinapita na Rau bila nauli

Fundi wa Soketi
Nafanya hii kazi ya viungo bandia, nimesomea hapo hapo hospitali ya KCMC, Moshi. Mleta uzi kabla hujamsikiliza mtu yeyote hapa, mimi nikiwemo, jibu maswali matatu. Anavaa soksi ngapi za kigutu, yaani ile sehemu ya mguu iliyobaki? Anavaa kiatu gani? Anaanguka saa ngapi na anapokuwa anafanya nini?

Nieleze kwa nini. Kigutu sio mti, kinabadilika. Mwaka wa kwanza ndio kinasinyaa sana, na hata ndani ya siku moja asubuhi kinakuwa na saizi hii jioni saizi nyingine. Kikisinyaa soketi, kile kikombe cha mguu wa bandia kinachovalishwa kigutu, inalegea, kigutu kinazama chini zaidi kuliko kilivyopimwa, mguu unakuwa kama umefupika na mzee anahisi anakanyaga shimo kila hatua. Dawa yake ni kuongeza soksi. Wengi wanapewa soksi kadhaa wanaelekezwa, wakifika nyumbani wanavaa moja ile ile asubuhi mpaka usiku kwa sababu nyingine zimepotelea kwenye nguo za kufua au mjukuu kafanya kofia. Sasa uliza mzee kama jioni anasikia maumivu chini ya kifupa cha goti, akisema ndio, kazama huyo.

Fundi wa Soketi
Alafu kiatu. Mguu unapangwa kwa urefu wa kisigino cha kiatu alichokuja nacho siku ile. Akija na kiatu cha ngozi cha kisigino kidogo, sisi tunaweka alaimenti, yaani mpangilio wa mguu, ya kiatu kile. Akifika nyumbani akavua akavaa kandambili, kisigino kimeshuka, mguu mzima unalala kwa nyuma, anakuwa kama anapanda mlima wakati yuko sebuleni na goti linasukumwa nyuma. Akivaa kiatu kirefu zaidi kinyume chake, anasukumwa mbele na goti linataka kukunja. Mzee kijana kijana atajirekebisha, mzee mwenyewe mzee ataanguka.

Tairi Mbovu
hayo ndo matatizo ya kutumia miguu ya mchina, kile kiwanda cha jaipur kimejaza africa nzima takataka

Mangi wa Himo
Jaipur iko China tangu lini ndugu

Fundi wa Soketi
@Tairi Mbovu Jaipur ni mji wa India. Unyayo wa Jaipur ulibuniwa huko 1968, na ulitengenezwa makusudi kwa watu wanaotembea peku, wanaochuchumaa, wanaolima kwenye tope, kwa hiyo sio takataka. Na mguu wa huyu mzee una uwezekano mkubwa ni ile plastiki ya polipropilini, teknolojia ya Msalaba Mwekundu ya miaka ya tisini, ambayo ndiyo nchi nyingi zenye kipato chetu zinatumia. Ni migumu, inatengenezeka, ila mara nyingi unyayo wake hauna kifundo kinachocheza. Hilo la kifundo nitalirudia, maana Kibosho ni mteremko.

Dereva Mstaafu
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nina miaka 66, mguu wangu wa kushoto umekatwa juu ya goti, ajali, zamani nikiendesha basi. Kwa hiyo mnaponiona naandika hapa jueni nasema kwa kigutu changu na si kwa kusimuliwa.

@Kahawa Chungu pole kwa babu. Lakini ukimkalisha mtu kwenye kiti moja kwa moja goti na nyonga vinakaza vikiwa vimekunja, na vikishakaza hata uje na mguu wa dhahabu hauvaliki. Mimi niliambiwa hospitali nilale kifudifudi kila siku ili nyonga inyooke, na nisiweke mto chini ya kigutu hata kikiuma. Jirani yangu wa kitanda mkewe alimwekea mto kwa huruma kila usiku. Huruma ile ndiyo iliyommaliza, goti lilibaki limepinda, mguu wa bandia akauweka ukutani kama picha.

Kuhusu kuanguka. Nilipokuwa mpya nilianguka zaidi usiku kuliko mchana na sababu yake wenye miguu miwili hawawezi kuielewa mpaka iwakute. Unaamka na mkojo, usingizi bado, na ule mguu ambao haupo UNAUSIKIA upo. Vidole vinawasha kabisa. Unateremka kitandani unakanyaga hewa. Puu. Mke wangu alifikiri nyumba imevamiwa. Kwa hiyo @Mwana wa Kibosho angalia kwanza usiku, weka ndoo au kopo karibu na kitanda, magongo yasimame pale mkono unapofika, na taa. Aibu ya ndoo ni ndogo.

Bibi wa Pasua
Pole baba dereva. Hilo la usiku ni kweli tupu, marehemu mume wangu ilikuwa hivyo hivyo, anashuka akiita "nani kaondoa sakafu".

Mwana wa Kibosho
Asanteni sana. Majibu ya Fundi: soksi anavaa moja, nyingine mama anasema zipo kwenye sanduku "zisichafuke". Viatu: alipimwa na viatu vya kanisani, nyumbani anavaa kandambili za tairi, akienda shamba buti la mvua. Saa: nimekaa na mama tumehesabu, karibu yote ni ama asubuhi sana akitoka chooni kabla hajanywa chai, au jioni akishuka migombani. Mchana hamna. Na mbege anakunywa mchana, kwa hiyo mama nadharia yake imekufa.

Siti ya Mbele
Haijafa, imelewa

Nesi Majengo
Hapo asubuhi kabla ya chai mimi nimeshtuka. Mtu wa sukari, anatumia dawa gani? Kama ni sindano au vile vidonge vinavyosukuma kongosho, sukari inaweza kushuka usiku kucha akaamka anatetemeka, jasho, kizunguzungu. Apimwe sukari asubuhi siku kadhaa mfululizo kabla hajasimama. Na presha pia, wazee wengi wa sukari wako kwenye dawa za presha, akisimama ghafla damu inabaki miguuni, au kwa huyu tuseme mguuni, kichwa kinakuwa chepesi. Apimwe amelala alafu apimwe amesimama. Mguu wa bandia unaweza kuwa umesingiziwa tu hapa.

Na jambo lingine hakuna aliyelisema mpaka sasa, mguu ULIOBAKI. Sukari iliyokula mguu mmoja haikuuacha ule mwingine salama. Mishipa ya fahamu ya unyayo inakufa ganzi, mtu anakanyaga bila kujua anakanyaga nini. Sasa fikiria, mguu mmoja ni plastiki haina hisia, mwingine wa nyama hauna hisia, huyu mzee anatembea kwa macho tu. Ukizima taa umemzima na yeye.

Zoezi Kwanza
Nesi kanitangulia kwenye macho lakini nakazia. Mimi ni mfiziotherapia. Balansi ya mtu inatokana na vitu vitatu, macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye nyayo, misuli na viungo. Kwa kawaida mtu akiyumba kidogo, kifundo cha mguu ndicho kinarekebisha, hata hujui kama kimefanya kazi. Ukikatwa mguu umepoteza kifundo, misuli yake na taarifa zake, kazi yote inahamia nyonga na mguu mzima. Sasa nyonga ya mzee aliyekaa kitandani miezi na kidonda ina nguvu gani? Ile misuli ya pembeni ya nyonga, inayozuia kiuno kisidondoke unaposimama na mguu mmoja, ndiyo inayokufa kwanza. Utamjua kwa macho, akikanyaga mguu wa bandia mwili wote unalalia upande ule kama mtu aliyebeba ndoo ya maji.

Kwa hiyo samahani Fundi, soksi na kiatu ni kweli lakini wazee wengi ninaowaona soketi iko sawa na nyonga imekufa.

Kipimo cha nyumbani: kiti chenye mgongo, pima mita 3 kwa futi, weka alama. Mzee anakaa, ukisema twende anasimama, anatembea mpaka kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida na fimbo yake, anageuka, anarudi, anakaa. Hesabu kwa simu. Mtu awe pembeni yake. Ikizidi sekunde 19 mzee yeyote yuko kwenye hatari ya kuanguka anguka.

Nesi Majengo
Hapo kwenye "mzee yeyote" hapana mkuu. Hiyo 19 ilitoka kwenye utafiti wa Australia wa 2007 kwa watu waliokatwa mguu mmoja chini ya goti. Kwa wazee wenye miguu yao wenyewe, mpaka unaotumika sana Marekani ni sekunde 12. Ukimpa mzee mwenye miguu miwili sekunde 19 umempa likizo.

Zoezi Kwanza
Sawa, kwa waliokatwa chini ya goti. Huyu wa mleta uzi ndiye huyo huyo kwa hiyo namba inabaki pale pale 😄 Na usiichukulie kama mtihani wa darasa la saba kwamba kafaulu kafeli, rudia kila baada ya wiki kadhaa uone inapungua au inaongezeka.

Chalii wa Ngaramtoni
Sasa mbona Ulaya wana miguu ya kompyuta haianguki kabisa, si tuchange tumnunulie mzee moja

Dereva Mstaafu
Kijana wangu hayo ni MAGOTI ya kompyuta, hiyo C-Leg ya Wajerumani ilitoka 1997, ni ya watu kama mimi tuliopoteza goti. Mzee wa Kibosho goti lake analo, hana haja nayo. Goti lake la nyama ni bora kuliko kompyuta yote ya Ujerumani. Mimi goti langu ni la kufunga kwa kamba pembeni, natembea limenyooka, nikikaa nafungua. Natembea kama nafagia lakini halinikunjii njiani. Waliwahi kunijaribishia linalokunja, nikasema rudisheni.

Chalii wa Ngaramtoni
Sawa mzee wangu nimekuelewa. Shikamoo

Tairi Mbovu
ila pale KCMC chuo cha hao mafundi si wajerumani walikuja kujenga juzi juzi tu miaka ya 2000

Fundi wa Soketi
TATCOT, ndicho chuo chenyewe, imeanza 1981, kwa msaada wa Wajerumani hilo ni kweli. Wanafunzi wanatoka nchi nyingi za Afrika kuja Moshi kusomea hii kazi. Wewe unapita pale getini kila siku na daladala hujui kwamba nyuma ya ukuta kuna Waethiopia na Wazambia wanapiga plasta.

Mama Ndizi
Jamani mimi nina swali la pembeni, hawa watu wa mguu mmoja viatu wananunuaje? Mbuyuni wanakuuzia kimoja?

Dereva Mstaafu
Mama, unavaa viatu viwili kama kawaida, mguu wa bandia unavalishwa kiatu. Ila kimoja kinaisha na kingine kinabaki kipya. Wale ambao hawajavaa bandia ndio wana shida, tulikuwa na mwenzetu mguu wake umebaki wa kulia, mimi kipindi natembelea magongo nilibaki na wa kulia pia, tukawa hatuna msaada kwa kila mmoja. Tulitafuta wa kushoto mwenye namba 9 kama mtu anatafuta mchumba.

Siti ya Mbele
Tangazo: anatafutwa mwenye kushoto namba 9, awe mcha Mungu

Bibi wa Pasua
Nirudishe kwenye mada. Mnazungumza nyonga, soksi, macho, hakuna aliyeuliza choo. Mzee katoka chooni asubuhi. Choo cha kule shamba ni cha kuchuchumaa. Mtu wa mguu wa bandia kuchuchumaa ni vita, soketi inabana nyuma ya goti, anashikilia ukuta, akiinuka amechoka na damu imetoka kichwani, pale pale mlangoni anaenda chini. Marehemu tulimwambia fundi seremala wa Pasua atoboe kiti cha mbao tukakiweka juu ya tundu, na mbao mbili za kushikilia ukutani. Hajaanguka chooni tena. Na vigoda pia ondoeni, mzee akae kwenye kiti cha juu, kuinuka kwenye kigoda hata mimi mwenye miguu nalia.

Kahawa Chungu
Haya yote mnayosema, soksi, choo, sukari, nyonga, macho, taa, mbao, ndiyo yanathibitisha hoja yangu. Kuna vitu kumi vya kukaa sawa kwa wakati mmoja ili mzee asianguke. Kwa kijijini haviwezi kukaa sawa vyote. Kiti cha magurudumu kina kitu kimoja, breki.

Zoezi Kwanza
@Kahawa Chungu kuna ukweli hapo sikatai, kuna wazee ambao mguu wa bandia hauwafai, moyo hauwezi au kumbukumbu zimeondoka, na ni kosa kuwalazimisha. Na kuanguka kwa waliokatwa miguu ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyofikiri, kuna utafiti wa Kanada wa 2001 zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa wameanguka ndani ya mwaka mmoja, na karibu nusu waliogopa kuanguka. Huo woga ndio mimi naupigia kelele. Mzee akiogopa anatembea kidogo, akitembea kidogo misuli inaisha, ikiisha anaanguka kweli, mnasema si mnaona. Na kiti anaanguka pia akihama kutoka kitini kwenda kitandani.

Kahawa Chungu
Lakini kutembea na ule mguu kunachosha mara mbili, hilo nalo ni la uongo?

Zoezi Kwanza
Mara mbili ni nyingi kwa chini ya goti. Kwa chini ya goti inaongezeka lakini sio hivyo, juu ya goti ndiyo inapanda sana, na waliokatwa kwa sababu ya mishipa ya damu na sukari wanachoka kuliko waliokatwa kwa ajali hata kama urefu wa kigutu ni ule ule. Mwili wenyewe unatatua hilo kwa kupunguza mwendo. Mzee akiachwa atembee kwa mwendo wake moyo haukimbii sana. Tatizo ni nyie watoto mnaomwambia "baba harakisha gari inaondoka".

Dereva Mstaafu
HAPO. Nimepigwa honi nikivuka barabara na kijana ambaye nilimfundisha kuendesha mimi.

Mwana wa Kibosho
Wakuu nimerudi. Mama katoa soksi kwenye sanduku kwa mbinde, tumemwongezea ya pili kuanzia saa nane mchana, mzee kasema mguu "umekuwa mrefu", hajaambiwa chochote. Kandambili tumezificha anavaa vile viatu vya kanisani mpaka ndani, mama hana raha. Sukari ya asubuhi tumepima, iko kawaida, haijashuka hata siku moja. Presha bado. Kile kipimo cha mita 3 katumia sekunde 26, ila nusu ya hizo alisimama katikati kumsalimia jirani.

Na jana jioni kaanguka tena. Kule kule migombani, anashuka, na soksi mbili kavaa.

Nesi Majengo
Pole. Sukari tumeiondoa kidogo, ingawa ningependa mpime na siku ambayo jioni yake alikunywa mbege bila kula. Presha msisahau.

Siti ya Mbele
MAMA AMERUDI MCHEZONI

Fundi wa Soketi
Sasa ndio narudi kwenye kifundo nilichoahidi. Unyayo usiocheza kwenye mteremko unafanya hivi, ukishuka, kisigino kikigusa, mguu mzima unataka kulala chini ufuate ardhi kwa sababu hakuna kifundo cha kupokea, goti linasukumwa mbele kwa nguvu. Msuli wa paja usipowahi kulishika, chini. Kupanda ni kinyume, unasukumwa nyuma. Hapo soksi haisaidii kitu, ni namna ya kushuka. Ashuke kwa kukata mteremko kwa upande, hatua fupi fupi, fimbo mkono wa kushoto yaani upande wa mguu mzima. Kwenye ngazi au kingo za mfongo, kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza wa bandia. Na nitake kumwona, inawezekana alaimenti inahitaji kuguswa kidogo kwa ajili ya mazingira yake, sisi tunawapima kwenye sakafu laini ya karakana alafu wanarudi Kibosho.

Zoezi Kwanza
Umesema mwenyewe Fundi, msuli wa paja usipowahi. Kwa hiyo ni msuli.

Fundi wa Soketi
Msuli unaochelewa kwa sababu mguu umepangwa vibaya kwa mteremko.

Zoezi Kwanza
Kijana wa miaka 25 na mguu huo huo anashuka Kibosho anacheza mpira. Mguu ni ule ule. Tofauti ni nini? Misuli. Ashike meza, ainue mguu kwa pembeni, taratibu, pande zote mbili. Asimame na kukaa kwenye kiti bila kutumia mikono, akishindwa atumie mikono apunguze siku hadi siku. Asimame uzito wote ukiwa kwenye bandia huku mikono iko mezani, wengi hawauamini ule mguu hata kidogo, wanauvuta tu kama begi la safari.

Mangi wa Himo
Na macho? Jioni migombani ni giza hata saa kumi na moja, majani yamefunika. Shangazi yangu alikuwa anajikwaa kila mahali tukajua ni magoti, kumbe mtoto wa jicho. Katolewa, siku hizi anatuona hata tunapomkwepa.

Nesi Majengo
Mtu wa sukari macho yakaguliwe kila mwaka hata haanguki. @Mwana wa Kibosho mara ya mwisho lini?

Mwana wa Kibosho
Mara ya mwisho ni ya leseni ya udereva.

Ustadhi wa Majengo
Assalam aleykum. Niulize na mimi, baba yangu naye ana mguu wa bandia, kwenye kuswali akisujudu akiinuka anayumba sana anashika mtu wa mbele. Tufanyeje?

Dereva Mstaafu
Waaleykum salaam. Aswali amekaa kwenye kiti, dini imeruhusu, mwulize imamu wake atamwambia. Mimi upande wetu pia nimeacha kupiga magoti, nakaa benchi la mwisho na sijasikia padri akilalamika.

Kaka wa Dar
Wewe Mwana wa Kibosho. Kalowa mpaka kiunoni kwenye mfongo, mama na mbege, kandambili za tairi. Unafikiri sijui hii ni nyumba gani? Mnamwanika mzee mtandaoni mimi kwenye simu mnaniambia "anaendelea vizuri".

Siti ya Mbele
😂😂😂😂 nisogezeeni benchi

Mwana wa Kibosho
Kaka shikamoo. Uliponiuliza ulikuwa unaendesha.

Kaka wa Dar
Marahaba. Nimesoma uzi wote. Huyo Fundi kasema alaimenti inahitaji kuguswa, nilisema tangu mwanzo ni mguu.

Zoezi Kwanza
Kasema INAWEZEKANA.

Kaka wa Dar
Natuma hela ya bajaji na ya vipimo, aende Jumanne akaonwe na wa mguu, wa macho na wa presha siku moja. Mdogo wako aachane na habari za kiti. Na nani atampeleka?

Mwana wa Kibosho
Jumanne mimi nina zamu. Mdogo amesema atampeleka kama wakipita kuangalia bei ya kiti.

Bibi wa Pasua
Na seremala wa choo mpitie kwake wakati wa kurudi, yuko njia ya kuelekea sokoni, mwambieni mbao ya mkangazi asiwape ya mgrivea.